Vyumba vya kupanga, nyumba pacha au uniti ghorofani: ukianza na milioni 60 Dar

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi Mtwara. Mwezi uliopita alinipigia simu, na salamu hazijaisha akasema, "Kaka, nina milioni 60. Nataka vyumba vya kupanga kama vya shangazi."

Shangazi yetu ana nyumba ya vyumba vinane Mbagala, na mimi ndiye ninayemkusanyia kodi tangu miguu ianze kumsumbua. Nikamwuliza mdogo wangu kama amewahi kulala pale usiku wa Jumamosi. Akacheka. Nikamwomba siku kadhaa nimwandikie, maana habari za hela zikiongelewa kwenye simu huonekana rahisi mno. Nilichomwandikia ndicho hiki, nimekipanua kidogo kwa ajili ya yeyote mwenye akiba ya kiasi hicho na hajui aanzie wapi.

Tukubaliane jambo moja kwanza: bei za viwanja, ujenzi na kodi ninazozitaja ni za kulinganishia tu. Bei ya kweli utaipata kwa fundi na dalali wa mtaa unaoutaka, na hao nao usiwaamini kwa mara ya kwanza.

Vyumba vinane, LUKU moja

Hii ndiyo nyumba tuliyokulia wengi wetu: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani kuna jiko la kuchangia, bafu na choo, mbele baraza, na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa wote. Pembezoni mwa mji, Chamazi, Chanika au Gongo la Mboto, bado inajengwa kila siku, na sababu yake ni ya msingi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hawatafuti sebule yenye kochi la kona. Wanatafuta chumba chenye mlango unaofungika, karibu na kituo cha daladala, kwa hela ambayo mama lishe au dereva wa bodaboda anaweza kuidunduliza. Kwa shangazi chumba kikitoka Jumatatu, Jumatano mtu amekuja kukiulizia, na dalali sijampigia.

Uzuri wake wa pili ni kwamba hasara inagawanyika. Mpangaji mmoja akihama usiku na godoro lake bila kuaga (yametokea mara mbili), umepoteza sehemu moja ya nane. Saba bado wanalipa.

Sasa nikupeleke kwenye korido. Ni Jumamosi, saa nne usiku, simu inaita. Ni mama wa chumba cha pili: "Kaka, samahani kwa usiku huu. Umeme umeisha na wa chumba cha tano anasema yeye alishanunua." Nyuma ya sauti yake nasikia korido nzima inaongea kwa pamoja. Chumba cha tano kuna kijana mwenye jokofu dogo, anagandisha juisi ya ubuyu na kuiuza asubuhi kwa watoto wa shule. Chumba cha kwanza kuna mzee mwenye balbu moja na redio. Mzee anauliza kwa nini atoe elfu tano sawasawa na mwenye jokofu, na kusema kweli ana haki. Nilianzisha daftari la zamu za umeme. Baada ya miezi miwili lile daftari lilikuwa limegeuka jalada la kesi: kuna kurasa zimechanwa, kuna namba za tokeni zimeandikwa na kufutwa, kuna mtu ameandika "MWONGO" kwa kalamu nyekundu.

Dawa yake ni mita ndogo, kila chumba na yake. Nilizifunga zote nane kwa mpigo na ugomvi ukapungua zaidi ya nusu. Uliobaki ni wa nani afagie choo. Kwa anayejenga upya, hiyo waya ivutwe kabla ya plasta, asije akapasua kuta za nyumba mpya kama nilivyopasua mimi za nyumba ya zamani.

Halafu choo. Watu kumi na nane wanatumia shimo moja. Likijaa, gari la kunyonya maji taka haliji kwa maombi, linakuja kwa hela, na gari lenyewe linahitaji njia ya kupita. Mtaa ambao lori haliingii ni mtaa ambao choo chako kitakuwa tatizo la majirani wote. Ukienda kuangalia kiwanja, simama hapo ujiulize: lori litageukia wapi? Ni swali dogo, lakini wauzaji wengi wa viwanja vya skwata, visivyopimwa, hawalipendi.

Kwa hiyo nyumba ya vyumba inalipa, ila inamtaka mwenyewe awe karibu. Mwenye kuishi Mtwara, Muscat au Minnesota atahitaji mtu kama mimi, na mtu kama mimi ana gharama yake hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Nyumba pacha: wapangaji wawili, milango miwili

Njia ya pili ni zile nyumba mbili zinazogusana mgongo: kila upande una chumba masta, sebule, jiko dogo, choo ndani na LUKU yake. Goba, Madale na Kinyerezi zimejaa. Mpangaji wake ni mfanyakazi wa ofisini, wanandoa wapya au mwalimu. Anataka maji ya DAWASA au kisima chenye tangi, sehemu ya kuegesha gari hata kama bado hana gari, na geti.

Nimezipanga nyumba hizi mbili makusudi ili kodi yake ya mwezi ilingane, tuone tofauti inakotokea:

| | Vyumba 8, Chamazi | Pacha 2, Goba |
|---|---|---|
| Kiwanja | milioni 12 | milioni 18 |
| Ujenzi hadi mtu aingie | milioni 48 | milioni 42 |
| Kodi kwa mwezi | 50,000 × 8 | 200,000 × 2 |
| Kodi kwa mwaka | 4,800,000 | 4,800,000 |
| Mwezi 1 wazi kwa kila mlango | 400,000 | 400,000 |
| Asilimia 10 ya TRA (mamlaka ya mapato) | 440,000 | 440,000 |
| Matengenezo, rangi, choo | 500,000 | 300,000 |
| Kodi ya jengo kupitia LUKU | 18,000 | 18,000 |
| Kinachobaki | 3,442,000 | 3,642,000 |

Mistari miwili ya jedwali inahitaji maneno. Asilimia 10 ya pango ni ya serikali. Kampuni au taasisi ikikupangia itaikata yenyewe na kuipeleka TRA, na tangu mabadiliko ya 2022 wajibu huo umewafikia hata wapangaji watu binafsi. Mtaani wengi hawaujui, lakini wewe unayepanga hesabu za miaka 20 usijifanye huujui. Kodi ya jengo ilihamia kwenye LUKU mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Ukiwa na mita mbili kwenye jengo moja, fuatilia usikatwe mara mbili.

Kwenye karatasi zinakaribiana. Tofauti iko kwenye namna ya kukosa. Chamazi nikikosa mtu, mlango mmoja wa 50,000 kwa mwezi umekaa wazi wiki mbili hivi. Goba mmoja akihama, nusu ya kipato imehama naye, na mpangaji wa 200,000 anachagua: anakuja, anafungua bomba, anapiga picha tailizi, anasema atarudi, harudi. Mlango unaweza kukaa wazi miezi mitatu huku dalali anakuletea watu wa kuja kuangalia tu. Jirani yako akijenga pacha mpya yenye jipsamu za kisasa, yako imezeeka ghafla. Upande mwingine, hakuna atakayekupigia saa nne usiku kwa ajili ya tokeni.

Kuna mtego mmoja unaozinasa njia zote mbili: kodi ya miezi sita. Dar tumezoea kulipwa mitatu mitatu au sita sita mbele. Wenzetu wa Nairobi wenye bedsita, vile vyumba vya kujitegemea, hupokea kila mwezi na kushika dipoziti. Hela ya miezi sita ikiingia kwa mkupuo inaonekana faida kubwa. Inanunua televisheni. Mwezi wa nne paa linavuja na aliyelipa ana haki zote za kukupigia simu. Shangazi ana bahasha sita kwenye droo, kila moja imeandikwa jina la mwezi. Nilimcheka zamani.

Hatifungani iwe mizani

Hapa ndipo mdogo wangu alinyamaza tulipoongea tena kwenye simu. Chukua ile milioni 3.4 au 3.6 inayobaki, igawe kwa milioni 60 uliyoweka. Unapata karibu asilimia 6 kwa mwaka. Hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba kila mwaka na kukurudishia hela yako muda ukiisha) ya miaka 20, kwa viwango ambavyo Benki Kuu ilivitangaza mwaka 2022, ilikuwa na riba ya asilimia 12.10. Kwa milioni 60 iliyonunuliwa kwa bei yake kamili, hiyo ni 7,260,000 kwa mwaka, inaingia kwenye akaunti mara mbili. Hakuna choo cha kunyonya. Na mwaka 2021, kabla viwango havijashushwa, ile ya miaka 25 ilianza na asilimia 15.95. Viwango hupanda na kushuka kutoka mnada hadi mnada, kwa hiyo angalia vya siku unayonunua.

Kodi ya nyumba ikipanda asilimia 5 kila mwaka bila kukosa hata mwaka mmoja, nyumba ya Chamazi itachukua miaka 15 hivi kufikia kile ambacho hatifungani ilikuwa inatoa tangu mwanzo. Na uswahilini kodi haipandi kwa mpangilio huo. Unapandisha elfu tano, watu watatu wanahama.

Kwa nini basi watu wenye akili wanaendelea kujenga? Kwa sababu ya ardhi. Baada ya miaka 20 serikali itakurudishia milioni 60 ileile. Bei za vitu zikiwa zimepanda asilimia 4 kwa mwaka, hela hiyo itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 27 hivi. Kiwanja chenye hati kwenye mtaa ambao lami imefika hakina tabia hiyo. Waulize walionunua Goba wakati ile ni vumbi na mikorosho.

Nyumba ya kupangisha, kwa bei za sasa za ujenzi, ni namna ya kumiliki kiwanja huku kodi ikikusaidia kusubiri. Ukilielewa hilo, mpangilio wa maswali unabadilika. Watu huanza na "nijenge vyumba vingapi?" wakati swali la kwanza ni "ardhi hii ni ya nani, na maji ya mvua yanapita wapi?" Ukijenga nyumba nzuri kwenye ardhi mbovu, umebaki na ile asilimia 6 peke yake, na hatifungani imekushinda bila jasho.

Karatasi, na mwezi wa Aprili

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachopata ni haki ya kumiliki kwa muda: hati ya miaka 33, 66 au 99, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Chini ya hati kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na hutolewa maeneo yasiyopimwa. Chini kabisa kuna ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, yenye sahihi ya mwenyekiti na mashahidi wawili. Hiyo inathibitisha kwamba mliuziana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na cha kuuza.

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kina kitalu, kina bekoni, zile alama za mipaka zilizosimikwa ardhini. Ukipewa namba, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi: jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama. Usimtume dalali akufanyie. Halafu kodi mpima kwa nusu siku akaonyeshe bekoni zilipo, maana kuna viwanja ambavyo kwenye ramani vipo na ardhini viko ndani ya uzio wa mtu.

Barabara nayo ina eneo lake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Zilikuwa nyumba za watu, nyingine za wapangaji, zenye alama ya X nyekundu ukutani. Karibu na barabara kuu ni pazuri kwa wapangaji na ni pa hatari kwa jengo. Pima mwenyewe umbali, uliza wakala wa barabara, na usiridhike na "hapa hawafiki."

Kuhusu maji, kiwanja kionwe Aprili. Mwezi wa Agosti kila bonde la Dar ni uwanja wa mpira. Nenda masika, siku ya pili ya mvua, uangalie kuta za majirani: maji yakishaingia nyumbani huacha mstari wa tope, na rangi mpya ya chini ya madirisha tu inaeleza mengi. Kule Kinyerezi niliwahi kuoneshwa kiwanja kizuri, tambarare, bei imeshuka. Jirani alikuwa ameinua friji yake juu ya matofali manne. Sikuuliza bei ya mwisho.

Nyumba ya zamani mjini

Kuna njia ya tatu ambayo vijana hawaipendi kwa sababu haina picha ya kupendeza: kununua nyumba chakavu Temeke, Tandika au Magomeni na kuikarabati. Mahali pameshathibitika. Maji yapo, daladala zipo, wapangaji wapo ndani tayari na wanalipa. Kwa milioni 60 nyumba nzima ya sehemu nzuri ni ngumu kuipata, ila watu hununua kwa kushirikiana, au hukutana na familia inayotaka kugawana haraka.

Hapo kwenye "familia" ndipo penye kazi. Nyingi ya nyumba hizi ni za mirathi. Anayekuuzia lazima awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi wote wawe wametia sahihi, pamoja na yule aliyeko Kigoma ambaye "hana neno." Huyo ndiye atakayekuja na neno. Kama muuzaji ni mume au mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake kabla nyumba ya familia haijauzwa. Wakili anayekuandikia mkataba umtafute wewe, asiletwe na muuzaji.

Na wapangaji uliowakuta? Kaa nao kikao kabla hujabadilisha chochote. Mmoja wao ameishi pale miaka kumi na minane na anajua bomba la maji taka limepita chini ya chumba gani. Ukimfukuza ili upandishe kodi, hiyo ramani imeondoka naye.

Uniti ghorofani, na mkopo wa benki

Hapa nitapita haraka. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, na wajenzi binafsi wanauza uniti, yaani makazi ya familia moja ndani ya ghorofa, na tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 unaweza kupata hati ya uniti yako peke yake. Ni njia safi: hakuna fundi, hakuna bekoni za kutafuta. Lakini kipande chako cha ardhi ni kidogo, kuna ada ya huduma ya kila mwezi hata mlango ukiwa wazi, na kwa milioni 60 wengi watalazimika kuongezea mkopo.

Mkopo ndio unaovunja hesabu. Kopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15, marejesho ni kama 881,000 kila mwezi. Tumeona kwamba milioni 60 inaleta kodi ya 400,000 mambo yakienda vizuri. Pengo la 481,000 utalijaza kwa mshahara wako kwa miezi 180. Wapo waliofanya hivyo kwa nyumba ya kuishi na wakafurahi, kwa sababu waliacha kulipa kodi kwa mtu mwingine. Kwa nyumba ya kupangisha, mpaka riba ishuke sana, mimi sioni.

Pagala

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye jedwali langu na ndiyo inayowala wengi. Mtu ananunua kiwanja, anamwaga msingi kwa bonasi ya Desemba, anainua kuta mwaka unaofuata, halafu ada za watoto zinaingia. Boma linakaa. Mvua mbili za masika zinalamba tofali za juu ambazo hazijafungwa lenta. Nondo zilizochomoza zinapata kutu, au zinapata mwenyewe mpya. Majani yanaota sebuleni. Miaka mitano milioni 35 imesimama pale kama mnara, haijaleta hata shilingi mia, na fundi mpya anakuambia ukuta wa nyuma uvunjwe.

Hela ikiwa ya kudunduliza, idundulize mahali inapozaa. Hatifungani inaanzia milioni moja, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inapokea kiasi kidogo zaidi. Mfuko wa Ukwasi, kwa mfano, unakuruhusu kutoa hela ndani ya siku chache. Ikitosha, jenga kwa pumzi moja kutoka msingi hadi bati.

Au anza na banda la uani. Hii ndiyo akili ya wazee, na naona tumeidharau bure. Unajenga vyumba viwili au vitatu nyuma ya kiwanja, na choo kizuri. Unavipangisha. Wapangaji wanakulindia kiwanja, umeme na maji vimeshafika, na nyumba kubwa ya mbele inasubiri zamu yake bila kukuharakisha. Milioni 60 haiishi yote siku moja, na kama mtaa umekudanganya utalijua hilo ukiwa umepoteza banda tu.

Nilichomwambia

Kama angekuwa anaishi Mbagala na anapenda watu, ningemwambia ajenge vyumba, kila kimoja na mita yake, kwenye mtaa ambao lori linaingia. Huyu anaishi Mtwara, hapendi kelele, na ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nimemwambia aigawe: milioni 20 aweke kwenye hatifungani, iwe inamletea hela mara mbili kwa mwaka bila kumpigia simu. Milioni 18 mpaka 20 tutafute kiwanja kilichopimwa upande wa Goba au Kinyerezi, chenye hati. Inayobaki ijenge upande mmoja wa pacha, huku msingi wa upande wa pili ukiwa umeshaachiwa nafasi kwenye ramani. Riba ya hatifungani itajenga upande wa pili polepole.

Hajaridhika sana. Alitaka vyumba vinane, alishavipa hata rangi. Akaniuliza, "Na shangazi je? Mbona yeye amefanikiwa?" Nikamwambia shangazi alinunua kile kiwanja miaka mingi nyuma, Mbagala ikiwa minazi, na yale mabasi ya mwendokasi yaliyojengewa njia Barabara ya Kilwa yamemkuta yuko pale pale barazani. Vyumba vilimsomeshea watoto. Lakini wanaokuja na mikoba kumsalimia siku hizi hawaulizii vyumba, wanaulizia kiwanja.

Wiki ijayo anakuja Dar. Tumepanga Jumamosi twende Kinyerezi kuona viwanja viwili, vyote vina namba na nimeshazipeleka kwa upekuzi. Utabiri unasema mvua. Nimemwambia aje na viatu vya mpira.